Sista wa Benchi la Alhamisi

Nianze na penseli yake, kwa sababu nikianza na sura nitadanganya. Sura yake nimeizoea mno hata siioni vizuri. Penseli naiona. Ilikuwa fupi kama kidole gumba, imetafunwa upande mmoja, na aliichomeka juu ya sikio kama seremala. Mkononi alishika kalamu ya wino. Alikuwa akituambia, "Penseli ni ya mawazo yangu, maana mawazo yangu yanafutika. Kalamu ni ya maneno yenu." Msiisahau hiyo penseli, nitairudia.

Tulimwita Sista. Hakuwa mtawa, alikuwa na mume na watoto wanne, na kanisani kwao Walutheri aliimba kwaya kwa sauti iliyowafanya wenzake wasogee kando. Ni kwamba wauguzi wa enzi zile tuliwaita hivyo, na sisi wazee bado tunawaita. Alizaliwa wapi na baba yake ni nani, waulizeni watu wa kwao Kilimanjaro, wao hawachoki kuhesabu mababu. Mimi nitasema nilichokiona kwenye kliniki moja ndogo upande wa Ngarenaro, hapa Arusha, miaka ile ya ruksa, wakati maduka yalipoanza kujaa vitu na kila mwenye dirisha la barabarani akaligeuza duka.

Mimi ni fundi wa makatambuga, vile viatu vya tairi. Kibanda changu kilikuwa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na nyumbani ni Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima. Shule niliishia darasa la pili nikatolewa kwenda kuchunga. Kwa hiyo mkiona nimepotea njia, nisubirini, nitarudi.

Ugonjwa wangu kwanza, ndipo mtaielewa kazi yake. Siku hizi vijana wanasema sonona, na ule wa kupanda na kushuka nao una jina lake refu hospitalini. Wakati ule sisi tulisema "ana mawazo", na yakizidi tulisema amerogwa, basi, mazungumzo yamekwisha. Mimi nilikuwa na ule wa kupanda na kushuka. Nikishuka, nililala nikitazama ukuta, wiki tatu, mwezi, hata nzi akitua usoni simfukuzi. Nikipanda, hapo ndipo majirani walipopata cha kusimulia. Safari moja nilipanda nikaona wazi kabisa kwamba jeshi zima la nchi hii linahitaji makatambuga, na fundi aliyeteuliwa ni mimi. Nikakata tairi zangu zote. Zikaisha. Nikakata na tairi ya akiba ya pikapu ya jirani, aisee, ikiwa bado imejaa upepo! Kishindo chake watu walidhani ni benki imevamiwa. Na katika viatu vyote vile, gunia zima, hakukuwa na hata kimoja cha mguu wa kulia. Vyote vya kushoto.

Mke wangu, Mama Neema, ndiye aliyenipeleka kliniki. Alibeba viatu viwili kwenye kikapu, kama ushahidi wa mahakamani, akaviweka mezani.

Sista akavigeuza geuza. "Baba Neema, mbona vyote vya kushoto?"

"Askari huanza na mguu wa kushoto, Sista," nikamwambia. "Wa kulia ningeufikia baadaye."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kama mtu anayemwaga mahindi kwenye debe tupu, kinaanza kwa kishindo halafu kinaendelea muda mrefu. Mama Neema alimtazama kwa hasira, maana yeye mambo haya yalikuwa yamemliza mwaka mzima. Kisha mdomo ukamcheza. Kisha naye akacheka mpaka akakaa chini. Mimi katikati yao sikuelewa kitu, lakini nilijua jambo moja: mke wangu sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua za mwaka uliopita. Siku ile nilijua kwamba ugonjwa unaweza kuchekwa, lakini mwenye ugonjwa asichekwe. Sijui kama nimelisema vizuri. Mwenye kuelewa ameelewa.

Kazi ya Sista ilikuwa utafiti. Kulikuwa na Daktari, mtu mpole mwenye viatu vyembamba, aliyekuja kutoka Dar mara moja kwa mwezi. Alikuwa akijaribu dawa mpya ya kumwinua mtu aliyeshuka bila kumrusha hadi juu ya dari. Daktari alikuwa na fikra. Sista alikuwa na sisi. Tulikuwa wagonjwa tisa. Kila Alhamisi tulikaa kwenye benchi moja refu chini ya upenu wa kliniki, na yeye alikaa mbele yetu kwenye stuli. Sitawataja wote. Watoshe wawili: Mwalimu, aliyestaafu na kustaafu kukamtia huzuni isiyoisha, na Mama Eliya, mama wa Kimeru aliyeuza ndizi na nyungo, aliyewahi kukaa ndani miezi minne baada ya kujifungua, mtoto analia na yeye anamsikia kama anasikia mtoto wa jirani.

Kila mmoja aliulizwa maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi ya Daktari. Majibu yalitakiwa yawe namba, sifuri mpaka tatu. Sasa wewe mwambie mama wa Kimeru aseme huzuni yake ni namba ngapi. "Huzuni yangu siyo nambari ya gari," Mama Eliya alisema. Wiki iliyofuata Sista alikuja na kopo la maharage na kikombe cha bati. Hakuna shida, punje hakuna. Shida ndogo, punje moja. Shida ya kukutoa machozi, tatu. Ukizidondosha kikombeni zinalia, ko, ko, ko, na wewe mwenyewe unazisikia. Nimewahi kumwona mzee mgumu kama gogo akidondosha punje tatu kisha akakitazama kile kikombe kana kwamba kuna mtu amemjibu.

"Wiki hii umelala vipi?" Hilo la kwanza. "Chakula kinapita?" "Kazi unaigusa?" Halafu la nne, ambalo watu wengine wangelinong'ona. Yeye aliuliza kama anauliza bei ya nyanya: "Umewaza kwamba ni heri usingekuwepo duniani?" Hakuinamisha kichwa wala hakushusha sauti. Na sheria yake ilikuwa hii, aliisema kila Alhamisi: swali la nne likipata hata punje moja, mtu huyo haondoki peke yake, na siku hiyo hiyo anaonana na daktari wa zamu hospitalini. Hata Mwalimu alipodondosha moja akadai imemponyoka, Sista alifunga kitabu akamshika mkono. "Iliyoponyoka nayo nimeisikia," akamwambia, wakaenda.

Mwisho kulikuwa na swali la tano. Hilo halikuwa kwenye karatasi ya Daktari, na jibu lake hakuliandika popote. "Wiki hii umemcheka nani?" Ukisema hakuna, alikuwa anakutazama kama umemwambia hujaoga.

Huyo ndiye Sista upande mmoja. Upande mwingine ulikuwa umejaa vituko. Alitugombeza kwa kuchelewa, na saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa tangu nimjue. Aliitazama kabla ya kugombeza, kwa heshima ya mshale. Alitukataza sukari nyingi, na chai yake kijiko kilisimama wima. Alisema ukweli kuhusu kila kitu isipokuwa umri wake. Aliwaogopa ng'ombe, hata ndama. Na alitaka tuseme yote yaliyo moyoni, lakini ukimuuliza, "Na wewe Sista, hujambo?" alisema, "Mimi mzima, mimi ni wa stuli." Kisha anaendelea. Tulilizoea hilo neno. Hatukuwahi kulichunguza, na hilo ni kosa letu, nitalifikia.

Siku ya kuweka dole gumba alitusomea karatasi nzima ya kukubali utafiti, neno kwa neno. Alipofika pale pasemapo, "Una haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na utaendelea kutibiwa," Mama Eliya akanyoosha mkono.

"Sasa kama naweza kuondoka, dole gumba langu unalitakia nini?"

"Nalitaka ili kesho mtu asije akasema hukuambiwa kwamba unaweza kuondoka."

Mama Eliya akafikiri. Akachovya dole kwenye wino. "Nchi imebadilika kweli," akasema.

Halafu Sista akaeleza vidonge. Alisema, mnazijua zile mbegu mpya za mahindi zinazoletwa madukani siku hizi? Mkulima mwenye akili hapandi shamba zima. Mstari huu anapanda mpya, mstari ule anapanda ya zamani, mbolea ile ile, mvua ile ile, kisha anangoja. "Hapa nyinyi ndio mistari," akasema. "Kopo la huyu lina dawa. Kopo la yule lina kidonge kitupu, hakina dawa ndani. Kwa macho vinafanana. Nani ana kipi, mimi sijui, na Daktari hajui."

"Nesi hajui dawa anayotoa!" Mwalimu akashika kichwa.

"Ningejua, uso wangu ungewaambia. Huu uso hauwezi siri."

Alieleza vizuri kabisa. Kuna jambo moja tu alisahau kusema, kwa sababu kwake lilikuwa wazi mno: kwamba mistari haichanganywi.

Makopo yakagawiwa, Sista akaingia ndani kuandika. Sisi tukabaki kwenye benchi. Mama Eliya akalitikisa kopo lake sikioni, kisha akatutazama sisi wote, mmoja mmoja.

"Jamani, sisi tisa hapa, wengine tumepewa dawa, wengine tumepewa unga. Huyu Baba Neema akiwa na unga akarudi kutazama ukuta wake, mimi mwenye dawa nitakula nishibe?"

"Ni suala la haki," akasema Mwalimu.

Mjue kwetu, iwe kwa Waarusha au kwa Wameru, mbuzi akichinjwa kila mtu ana sehemu yake. Haiwezekani huyu ale paja na jirani yake alambe kisu. Mama Eliya akatoa ungo mpya katika zile za kuuza. Tukamwaga makopo yote tisa. Tukavichanganya vile vidonge kwa mkono kama mtu anachagua mchele, tukavigawa mafungu tisa sawasawa, Mwalimu akasimamia hesabu. Halafu akaomba sala fupi. Nawaambia ukweli, sijawahi kujisikia mtu mwema kama siku ile. Nilirudi Sakina kifua mbele, nina vidonge vya watu tisa mfukoni.

Mwezi wa pili tukafanya hivyo hivyo. Mwezi wa tatu tukazidisha ukarimu. Kila mwisho wa mwezi tulitakiwa kurudisha vidonge vilivyobaki, ili Sista ajue nani anasahau kumeza. Mimi nilisahau sana, nikaogopa kugombezwa. Mama Eliya akasema, haiwezekani mmoja wetu agombezwe peke yake. Ungo ukatoka tena. Mabaki nayo tukayagawa.

Sista akaanza kuhesabu mezani, sisi tunamwona kupitia dirishani. Kopo la kwanza, vinne. La pili, vinne. La tatu, vinne. Alipofika la sita akapunguza mwendo. La tisa akalifunga bila kulimaliza, akatoka nje.

"Watu tisa," akasema. "Wamesahau mara nne nne. Hakuna watu tisa wa namna hiyo duniani. Mimi na mume wangu ni wawili tu na hatujawahi kusahau kitu kimoja." Akanitazama mimi, kwa sababu alijua uongo wangu hutokea masikioni, yanawaka. "Baba Neema. Nini kimetokea?"

Nikasema yote. Ungo, mafungu, hata sala nikaitaja.

Kwanza akacheka. Debe lilimwagika lote, akashika nguzo. Halafu, katikati ya kicheko, akaanza kulia, na hapo ndipo tulipoogopa. Miezi ya kazi ilikuwa imekwenda pale, na ya Daktari, na ya wagonjwa wa miji mingine waliokuwa kwenye utafiti huo huo. Akajifuta kwa kanga. Hakuuliza tena kuhusu karatasi. Akachukua kopo la maharage, akatupitisha maswali wote tisa upya, mmoja baada ya mwingine, kuona kama kuna aliyedhurika. Hakuna. Ndipo akakaa kwenye stuli.

"Itabidi niandike," akasema.

"Ukiandika?" nikauliza.

"Watafunga. Hapa Arusha watafunga."

Sasa nieleweni, wasomaji. Wenzangu walikuwa wakiogopa kugombezwa. Mimi nilikuwa naogopa ukuta. Miezi ile nilikuwa nimesimama kazini, nakata tairi, kushoto na kulia. Kama ni dawa, sijui. Kama ni Alhamisi, sijui. Nilijua tu kwamba benchi lile likiondolewa nitarudi kitandani, na safari hii Mama Neema hatakuwa na nguvu za kunibeba.

Mwalimu akasafisha koo. "Sista, kwani lazima? Andika huyu alirudisha viwili, yule vitano, mimi sita. Nani atajua?"

Sista akatoa penseli sikioni. Naapa niliiona. Akaishika juu ya karatasi muda mrefu. Nilisali penseli iandike. Kisha akairudisha sikioni, akachukua kalamu ya wino.

"Kuna mtu hajazaliwa bado atakuja kuumwa hivi," akasema. "Atapewa dawa kwa sababu ya karatasi hii. Nimdanganye?" Akaandika. Akaandika na kwamba yeye ndiye aliyesahau kutueleza. Mwalimu akamwambia hilo la mwisho si lazima, akamjibu, "Kilichotokea ndicho kinachoandikwa," akaenda posta kumpigia Daktari simu.

Daktari alifika kabla ya wiki kuisha. Hakupiga kelele. Alikaa na zile karatasi, akavua miwani, akavaa, akavua.

"Sista, miaka yote hii ya kazi, sijawahi kusikia hili."

"Hata mimi, Daktari."

"Waligawana."

"Sawasawa kabisa. Mwalimu alisimamia."

Akafunga utafiti wa Arusha, kama tulivyoambiwa. Lakini sisi hakututupa. Kila mmoja alimpima na kumwandikia dawa ya siku zote, inayojulikana jina na kazi yake. Ya kwangu nameza mpaka leo, na napimwa damu. Alipokuwa akiondoka Mama Eliya alimpa mkungu wa ndizi. Alijaribu kukataa. Huyo Mama Eliya hakataliwi.

Alhamisi iliyofuata sikwenda. Kwenda wapi? Utafiti umefungwa. Nilikuwa Oldonyo Sambu, nimelala, uso ukutani, na dawa mpya ilikuwa haijashika bado. Mchana nikasikia mbwa, nikasikia sauti ya mtu anasema, "Mama Neema, mshike huyo ng'ombe kwanza!" Alikuwa amekuja na lori la mahindi mpaka barabarani, halafu kwa miguu katika vumbi lile, na njiani alikuwa amewaamkia wazee wa boma kwa Kimaa, "Takwenya!", salamu ambayo kwetu hupewa wanawake. Wazee wale mpaka wamekufa walikuwa wakiamkiana hivyo na kucheka.

Akaingia. Sikugeuka. Akaketi nyuma ya mgongo wangu, nikasikia kopo linafunguliwa.

"Utafiti umefungwa, Sista," nikauambia ukuta.

"Utafiti umefungwa. Alhamisi haijafungwa. Wiki hii umelala vipi?"

Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Akaniwekea punje kiganjani, na kikombe akakisogeza chini ya mkono wangu. Ko, ko, ko. Tulipita maswali yote hivyo, mimi na ukuta na yeye. La nne nikadondosha moja. Kabla haijamaliza kulia nikasikia anamwambia Mama Neema, "Mtafutie shati safi, twende naye." Nami nikainuka. Mpaka leo sijui niliinukaje. Nadhani ilikuwa ni kwa sababu alishaamua.

Tangu hapo benchi likaendelea bila karatasi, Sista akitupa saa yake ya chakula cha mchana. Dawa tulimeza, na Alhamisi tukaja. Baada ya muda mrefu Daktari alipita kusalimu, akatukuta tumekaa pale pale, tumeongezeka. Akahesabu. Akauliza nani amelala hospitalini mwaka ule, nani ameacha dawa. Akakuna kichwa. Akarudi na karatasi nyingine, na safari hii alichokitafiti ni benchi lenyewe: kama kukaa pamoja na kuulizana kunamsaidia mtu asiache dawa. Sista alitueleza kila kitu kwa makini, akamaliza kwa kumkazia macho Mama Eliya: "Na safari hii, mama, mna ruhusa ya kugawana."

Miaka ikaenda. Barabara ya Sakina ikajaa maghorofa na bodaboda, wanunuzi wa makatambuga siku hizi ni watalii. Mwalimu tulimzika, kwa uzee, si kwa huzuni. Sista akastaafu. Kwanza alikuja kila Alhamisi, kisha mara moja moja, kisha akaacha, na benchini tukawa tunaulizana wenyewe kwa zamu. Tukasema, ana wajukuu. Ana kuku. Mumewe amefariki, anapumzika. Tuliweka sababu juu ya sababu, sisi watu tuliofundishwa kuuliza.

Mwaka jana, masika yalipokatika, Mama Neema aliniambia, "Huyo mtu ni wa stuli. Nani anamuuliza wa stuli?" Nikamwomba maharage.

Kwake ni Sakina, nyuma kidogo ya barabara. Kuku walikuwa uani, wakijilisha wenyewe. Nikampata amekaa kwenye kiti, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa uzio. Ukuta! Nilisimama pale pale. Hakugeuka.

"Sista, hujambo?"

"Mimi mzima."

Nikavuta ndoo, nikakaa nyuma ya mgongo wake. Nikafungua kopo. Akalisikia, nikaona mabega yake yamesimama.

"Baba Neema, acha utoto."

"Wiki hii umelala vipi?"

Mkono ukaja nyuma, umekonda, kiganja wazi. Kulala, tatu. Chakula, mbili. Kazi, akawatazama kuku, tatu. La nne nililiuliza kama bei ya nyanya. Nilijitahidi. Sauti yangu ilitetemeka kama ya mwenye duka mgeni. Mkono ukabaki hewani. Ikaanguka moja.

"Imeniponyoka," akasema.

"Iliyoponyoka nayo nimeisikia."

"Hiyo ilikuwa sheria ya utafiti."

"Utafiti ulifungwa, Sista. Sheria haikufungwa."

Akageuka. Ndipo nilipouona uso wake vizuri, baada ya miaka yote ile, na haukuweza siri kweli. Akasema hana hata viatu vya kutokea, kandambili zimekatika, hajali, tutakwenda kesho. Nikamwambia viatu nimekuja navyo. Nikatoa makatambuga kwenye mfuko nikamwekea miguuni. Akaingiza mguu mmoja. Akaingiza wa pili. Akatoa. Akakitazama kiatu.

"Baba Neema. Hivi vyote ni vya kushoto."

"Gunia bado ninalo," nikasema. "Wiki hii umemcheka nani?"

Ilianza mbali, kama punje mbili tatu chini ya debe. Mabega yakatikisika. Kisha likamwagika lote, kuku wakakimbia, naye machozi yanamtoka, sikujua ni ya upande gani, naye nadhani hakujua. "Wewe," akasema alipopata pumzi. "Andika, nimekucheka wewe."

Watu huniuliza kama vile viatu nilikosea. Kilichotokea ndicho kinachoandikwa: nilivichagua makusudi, asubuhi ile, gunia zima nikalimwaga nikatafuta vinavyomtosha. Akavivaa hivyo hivyo. Tukatoka barabarani tumeshikana mikono, wazee wawili, mguu wake wa kushoto unakwenda kliniki na wa kulia unataka kugeuka nyumbani. Daktari wa siku hizi ni binti mdogo. Alimsikiliza muda mrefu, akampa dawa, na mimi sikuondoka mpaka binti wa Sista alipokuja kumchukua mama yake.

Alhamisi iliyofuata nilifika kwenye benchi na kopo langu. Stuli ilikuwa tupu. Sista alikuwa amekaa upande wetu, katikati, amebanwa kati ya Mama Eliya na ndizi zake. Aliniona, akainua mkono, akaitazama ile saa yake iliyokufa.

"Umechelewa," akasema. "Kaa hapo kwenye stuli uanze kuuliza."